Gobore na Unyevu: Sayansi ya Kuihifadhi Baruti Katika Msimu wa Mvua

Asubuhi ya mwezi wa Januari, baada ya mvua ya usiku kucha, mwindaji amevizia ukingoni mwa kichaka huko Manyoni. Mnyama anatokea. Mwindaji analenga, anavuta kifyatulio, na nyundo ya bunduki inapiga. Lakini hakisikiki kitu ila mlio mdogo wa chuma kugonga chuma. Mnyama anakimbia. Mwindaji anaishusha bunduki ili achungulie kilichoharibika, na papo hapo bunduki inalia.

Jambo la namna hii hujulikana kwa kila anayeifahamu bunduki inayoshindiliwa kwa mdomo, yaani gobore. Watu wengi husema kwamba baruti “imelowa”, wakaishia hapo. Lakini neno hilo moja linaficha mambo mengi. Je, maji yaliingia kwa njia gani, ikiwa mwindaji alijikinga na mvua? Kwa nini baruti yenye unyevu kidogo haikatai kabisa kuwaka, bali huchelewa? Na kwa nini bunduki iliyotumiwa wakati wa kiangazi huweza kuota kutu ndani ya kasiba hata kama haikupata tone la mvua? Shabaha ya makala haya ni kuyaeleza maswali hayo kwa kutumia kanuni za fizikia na kemia zinazofundishwa katika shule za sekondari.

GOBORE NI BUNDUKI YA NAMNA GANI

Bunduki za kisasa hutumia risasi iliyofungwa pamoja na baruti yake ndani ya ganda la shaba, na maji hayapenyi humo kwa urahisi. Gobore halina ganda. Mwenye bunduki humimina baruti katika mdomo wa kasiba, huweka kitambaa au nyuzi za magome, kisha hutia risasi ya mviringo au marisau, na kuvishindilia vyote kwa mdeki mpaka vikae chini kabisa. Kwa hiyo baruti hukaa wazi kwa pande mbili: upande wa mdomo wa kasiba, na upande wa tundu dogo la kupitishia moto lililo karibu na tako.

Moto huo hupatikana kwa njia mbili. Katika bunduki ya gumegume, jiwe gumu hugonga kipande cha chuma na kutoa cheche. Cheche huangukia baruti kidogo iliyowekwa katika kisahani nje ya kasiba, na mwako wake hupita katika tundu. Katika bunduki ya fataki, nyundo hugonga kikofia kidogo cha shaba kilichovikwa juu ya kichuchu cha chuma chenye tundu, ambacho Waswahili wa zamani walikiita kifa. Ndani ya kikofia hicho mna kemikali inayolipuka kwa kupigwa. Zamani iliyotumika zaidi ilikuwa fulmineti ya zebaki.

Tofauti ya aina hizi mbili katika hali ya unyevu ni kubwa. Mwaka 1807 Alexander Forsyth, kasisi wa Scotland aliyependa kuwinda ndege, alipata hataza ya kuwasha baruti kwa kemikali ya kupigwa, na katika miaka iliyofuata wavumbuzi wengine walitengeneza fataki. Mwaka 1834 jeshi la Uingereza lilizipima aina zote mbili kwa kupiga mara 6,000 kwa kila aina. Bunduki za gumegume zilikataa kuwaka zaidi ya mara 900. Zile za fataki zilikataa mara 36 tu. Mwaka 1841, katika vita vya Waingereza na Wachina karibu na mji wa Canton, kikosi kimoja cha askari wa Kihindi kilizingirwa katika mvua kubwa na bunduki zake za gumegume zikawa hazina faida kuliko fimbo. Waliokwenda kukiokoa walikuwa na bunduki za fataki.

JINSI GOBORE LILIVYOFIKA SINGIDA

Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, kisha ikavuka nyika kubwa iliyoitwa Mgunda Mkali. Nyika hiyo ilienea katika sehemu ambazo leo ni za Manyoni na Itigi pamoja na jirani zake za magharibi. Burton na Speke waliivuka mwaka 1857, na kabla yao walikwisha kupita wafanya biashara wengi wa pwani na wapagazi wa Kinyamwezi. Misafara hiyo ilichukua nguo, shanga, nyaya za shaba, baruti na bunduki. Kufikia miaka ya 1880, bunduki zilizopitia Zanzibar kwenda bara zilihesabiwa kwa makumi ya maelfu kila mwaka, na nyingi zilikuwa za zamani zilizoachwa na majeshi ya Ulaya.

Katika nchi ya Ukimbu, kusini mwa njia hiyo, mtemi Nyungu ya Mawe alijenga dola yake katika miaka ya 1870 mpaka alipofariki mwaka 1884. Askari wake, ruga-ruga, walitumia magobore pamoja na mikuki na mishale. Wakimbu wenyewe walikuwa wawindaji na warina asali mashuhuri. Jambo hili lina uzito katika mada hii, kwa sababu nta ya nyuki, kama itakavyoonekana mbele, ni moja ya kinga bora za bunduki dhidi ya maji.

Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yaliwekeana mkataba uliozuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha nafasi kwa bunduki za gumegume zisizo na michirizi ndani ya kasiba, pamoja na baruti ya kawaida. Hiyo ni moja ya sababu zilizofanya silaha ya zamani idumu Afrika muda mrefu baada ya kuachwa na majeshi ya Ulaya. Mafundi wa vijijini nao walijifunza kuitengeneza, na neno gobore likaendelea kuishi katika lugha.

BARUTI NA MAJI

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, yaani potasiamu naitreti, takriban asilimia 75, makaa ya miti asilimia 15, na kiberiti, yaani salfa, asilimia 10. Makaa na kiberiti ndivyo viunguavyo. Shura kazi yake ni kutoa oksijeni, ili mwako uweze kuendelea ndani ya kasiba ambamo hewa haitoshi.

Maji huidhuru baruti kwa namna mbili zinazotofautiana.

Namna ya kwanza ni ya joto. Ili gramu 1 ya maji ipande kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 za Selsiasi na kugeuka mvuke, huhitaji jouli 2,600 hivi. Gramu 1 ya baruti ikiungua hutoa karibu jouli 3,000. Yaani gramu moja ya maji inaweza kumeza karibu joto lote la gramu moja ya baruti. Mtu angeweza kusema kwamba unyevu wa asilimia 4 au 5 ni mdogo na joto litakalobaki linatosha. Kwa hesabu ya jumla hilo ni kweli, lakini tatizo liko mwanzoni. Ulimi wa moto unaotoka katika fataki ni mdogo na wa muda mfupi sana. Punje za kwanza za baruti zikiwa na maji, moto huo hutumika kuzikausha kabla ya kuziwasha. Ukiisha kabla kazi haijatimia, bunduki hukataa. Ukiacha punje moja au mbili zinafuka polepole, bunduki huchelewa. Ndiyo maana baruti nzuri hutakiwa iwe na unyevu chini ya asilimia 1.

Namna ya pili ni ya kemia, nayo hudumu hata baada ya maji kuondoka. Shura huyeyuka katika maji: gramu 32 hivi katika mililita 100 za maji ya nyuzi 20. Makaa na kiberiti haviyeyuki. Baruti ikilowa, shura huhama kutoka ndani ya punje pamoja na maji. Ikikaushwa, shura hubaki nje kama fuwele ndogo nyeupe, na makaa na kiberiti hubaki peke yao. Vitu vyote vitatu vimo bado, lakini havikaribiani tena kama vilivyosagwa kiwandani. Kwa sababu hiyo baruti iliyolowa na kukaushwa haina nguvu ya kutegemewa: pengine huungua polepole, pengine kwa vishindo visivyo sawa. Kukausha hakurudishi kilichopotea.

NJIA TANO ZA UNYEVU

Njia ya kwanza ni mdomo wa kasiba. Hii ndiyo inayoonekana na kila mtu. Mvua ikinyesha na mdomo ukielekea juu, matone huingia na kushuka hadi kwenye kitambaa cha shindilio, nacho hunyonya maji kama utambi wa taa.

Njia ya pili ni kifa. Kati ya kikofia cha fataki na kichuchu kuna nafasi nyembamba sana, nyembamba kuliko unene wa karatasi. Mwanafunzi anaweza kudhani kwamba nafasi ndogo ni salama kuliko kubwa. Kinyume chake ndicho kweli. Maji hushikamana na chuma kisafi kwa nguvu, na katika nafasi nyembamba mshikamano huo huyavuta yapande hata bila kusukumwa. Tabia hii, iitwayo kapilari, ndiyo inayopandisha mafuta ya taa katika utambi. Umande ulioko juu ya kifa unaweza kuvutwa hivyo mpaka ndani ya tundu.

Njia ya tatu ni hewa yenyewe. Chumvi nyingi hunyonya mvuke wa maji kutoka hewani, na kila chumvi ina kipimo chake. Unyevu wa hewa ukipita kipimo hicho, chumvi huanza kuyeyuka katika maji iliyoyanyonya. Kwa joto la nyuzi 25, shura safi hufikia hali hiyo unyevu wa hewa unapokuwa zaidi ya asilimia 92. Chumvi ya kula huifikia kwenye asilimia 75, na sodiamu naitreti, ndugu wa shura, kwenye asilimia 74. Hapa ndipo panapoonekana kwa nini watengenezaji wa baruti za bunduki walichagua potasiamu wala si sodiamu, ingawa sodiamu naitreti ilikuwa rahisi. Mwaka 1857 Lammot du Pont wa Marekani alipata hataza ya baruti ya sodiamu kwa kupasulia miamba. Ilifaa migodini, lakini ilikuwa rahisi mno kunyonya unyevu. Shura chafu, iliyochanganyika na chumvi nyingine, hupata ila hiyo hiyo. Makaa nayo, kwa kuwa yana vinyweleo vingi, hushika mvuke kiasi hata pale ambapo shura haijaanza kuyeyuka.

Njia ya nne ni umande. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Chukua mfano wa nyumba ambamo chakula kinapikwa jioni ya msimu wa mvua: hewa ina nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 75. Kila mita moja ya ujazo ya hewa hiyo ina gramu 17 hivi za mvuke. Mwindaji anaingia na bunduki iliyopoa porini hadi nyuzi 17. Hewa ya nyuzi 17 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 14.5 za mvuke. Kwa hiyo hewa inayogusa chuma hicho hupoa na kuacha sehemu ya mvuke wake juu yake, nje na ndani ya kasiba. Mwindaji aliyeificha bunduki yake na mvua siku nzima ameilowesha kwa kuileta karibu na meko.

Njia ya tano ni masizi ya baruti yenyewe, na hii ndiyo inayosahauliwa zaidi. Baruti ikiungua haigeuki yote kuwa gesi. Andrew Noble na Frederick Abel wa Uingereza waliichunguza kwa makini katika miaka ya 1870, wakaona kwamba zaidi ya nusu ya uzito wake, takriban asilimia 56, hubaki kuwa vitu yabisi. Sehemu hutoka kama moshi mweupe, na sehemu hubaki ndani ya kasiba. Masizi hayo yana potasiamu kaboneti, ambayo huanza kuyeyuka kwa mvuke wa hewa kwenye unyevu wa asilimia 43 tu. Unyevu wa kiasi hicho hupatikana Singida hata nje ya msimu wa mvua, hasa usiku na alfajiri. Kwa hiyo bunduki iliyopigwa na kuachwa bila kusafishwa hujitafutia maji. Ikishindiliwa upya juu ya masizi hayo, baruti mpya hulazwa juu ya kitanda chenye maji; na chuma nacho huliwa na kutu.

KINGA NA SABABU ZAKE

Kila njia kati ya hizo ina kinga yake, na aijuaye sababu huweza kuichagua kinga iliyo bora.

Kwa mdomo wa kasiba, kinga ya kwanza ni kuubeba ukielekea chini. Hata hivyo ni lazima risasi iwe imeshika vizuri, kwa maana risasi ikiteleza na kuachana na baruti, kasiba inaweza kupasuka. Kinga ya pili ni kifuniko chepesi, kama kipande cha ngozi laini, kinachofungwa nje ya mdomo na kuondolewa kabla ya kupiga. Kamwe mdomo usizibwe kwa kijiti, udongo au kitambaa kilichokazwa ndani. Gesi ya baruti ikikuta kizuizi, shinikizo hupanda kwa ghafula, na kasiba hupasuka mbele ya uso wa mpigaji. Kasiba iliyotengenezwa kwa bomba ambalo halikupimwa ina hatari hiyo hata bila kizuizi.

Kwa kifa, kinga ni nta. Maji hayashikamani na nta. Hujikusanya kama shanga na kuteleza. Mahali ambapo chuma kilivuta maji, nta huyasukuma, na kapilari hukoma. Utando mwembamba wa nta kuzunguka ukingo wa fataki hutosha. Wengine hutumia mafuta ya mnyama, nayo hufaa, lakini mafuta ya ng’ombe huyeyuka kati ya nyuzi 40 na 50, na chuma kilichoachwa juani Singida huweza kufikia joto hilo. Mafuta yaliyoyeyuka huteremka katika tundu na kuiharibu baruti kama maji. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Katika mkoa wenye sifa ya asali kama Singida, kinga hii haihitaji kuagizwa kutoka mbali.

Sehemu yote ya nyundo na kifa huweza kufunikwa kwa ngozi iliyopakwa mafuta au nta, iliyokatwa pana kama mwavuli ili maji yadondoke pembeni.

Kwa hewa, kinga ni chombo. Pembe ya ng’ombe na kibuyu kidogo vilivyozibwa kwa nta vilitumika tangu zamani, kwa sababu havitoi cheche vinapogongana na havipitishi mvuke kwa urahisi. Chombo kisijazwe baruti na kufungwa wakati wa mvua, kwa maana hewa yenye unyevu itafungiwa humo.

Kwa umande, kinga ni kuzuia joto la bunduki lisibadilike ghafula. Bunduki isiingizwe karibu na meko. Ihifadhiwe mahali penye baridi na pakavu, ikiwa haina baruti ndani. Sheria hii ya mwisho ni ya usalama kwanza na ya unyevu baadaye: bunduki iliyoshindiliwa haina nafasi nyumbani.

Kwa masizi, kinga ni maji ya moto, jambo ambalo huwashangaza wengi. Masizi ni chumvi, na chumvi huyeyuka katika maji wala si katika mafuta. Anayepaka mafuta juu ya masizi huyafungia pamoja na unyevu wake. Kasiba huoshwa kwa maji ya moto mpaka maji yatoke safi. Joto la maji huingia katika chuma na kukikausha upesi, kisha ndipo hupakwa mafuta kidogo. Maji yaliyokuwa adui hapa ni dawa, kwa kuwa yametumiwa kwa wakati wake.

MOTO WA KUCHELEWA

Sasa inawezekana kumrudia mwindaji wa mwanzo. Fataki ilipiga, lakini punje za kwanza zilikuwa na unyevu. Moto wake ukazikausha, ukaacha cheche ndogo inayofuka. Cheche hiyo ilipofika kwenye punje kavu, baruti yote ikawaka. Kati ya mlio wa nyundo na mlio wa bunduki pakapita muda, na katika muda huo mdomo wa kasiba ukawa umegeuzwa upande mwingine.

Kwa hiyo kanuni ni hii: bunduki iliyokataa kuwaka haijafa. Ishikwe vile vile ikielekea mahali pasipo na mtu, kwa muda wa dakika 2 kamili au zaidi, wala asiwepo wa kuchungulia mdomo wake wala kifa chake. Baada ya hapo, mwenye ujuzi na kibali huiharibu baruti hiyo kwa kuilowesha kabisa kwa maji kupitia kifa kabla ya kuitoa. Unyevu kidogo ni hatari kwa sababu huchelewesha. Maji mengi ni salama kwa sababu huyeyusha shura na kuuzima mchanganyiko.

Hatari ya pili hutokea nyumbani. Mtu mwenye baruti iliyolowa huona uchungu kuitupa, akaitandaza karibu na moto au juu ya bati la moto ili ikauke. Baruti haikauki yote kwa wakati mmoja. Punje za pembeni hukauka kwanza, na cheche moja ya kuni hutosha. Ilivyoelezwa juu, hata ikikauka salama haitakuwa baruti ile ya kwanza. Mtu huyo anaweka hatarini macho na mikono yake, na mara nyingi watoto waliokaa naye jikoni, kwa kitu kisicho na thamani tena.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba nchini Tanzania kumiliki bunduki ya aina yoyote, likiwemo gobore, kunatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na uwindaji unatawaliwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi yamo mkoani Singida, na vibali hutolewa na mamlaka zinazohusika.

MAJARIBIO YA DARASANI

Kanuni zote zilizotajwa zaweza kuonyeshwa bila baruti. Mwalimu asiruhusu baruti wala fataki kuletwa shuleni kwa sababu yoyote.

Jaribio la 1. Chukua majivu ya kuni, yachanganye na maji, yachuje kwa kitambaa, kisha chemsha maji hayo katika sufuria isiyo ya alumini mpaka ibaki chumvi. Mwalimu ndiye afanye kazi hii, akilinda macho na mikono, kwa kuwa maji ya majivu huunguza ngozi. Chumvi hiyo ina potasiamu kaboneti kwa wingi, ile ile iliyomo katika masizi ya bunduki. Weka gramu 10 zake katika kisahani kimoja, gramu 10 za chumvi ya kula katika cha pili, na gramu 10 za sukari katika cha tatu. Vipime kila asubuhi kwa siku 5 na kuandika pia unyevu wa hewa kutoka katika kituo cha hali ya hewa cha shule. Chora grafu.

Jaribio la 2. Jaza maji baridi katika kopo la bati lililokaushwa nje, uliweke katika chumba ambamo maji yanachemka. Angalia nje ya kopo. Kwa kutumia kipimajoto, tafuta joto ambalo umande huanza kuonekana.

Jaribio la 3. Chukua misumari 6 iliyosuguliwa ikang’aa. Miwili ipake nta, miwili mafuta ya ng’ombe, miwili iache bila kitu. Dondoshea kila mmoja tone la maji na uchore umbo la tone. Kisha iweke yote juani saa moja, na baadaye katika kitambaa chenye maji kwa wiki moja. Linganisha kutu.

MASWALI

1. Eleza kwa nini nafasi nyembamba kati ya fataki na kifa huingiza maji zaidi ya nafasi pana kiasi.

2. Kisindilio kina gramu 5 za baruti yenye unyevu wa asilimia 4. Kokotoa joto linalohitajika kuyageuza maji yote kuwa mvuke kutoka nyuzi 20. Linganisha na joto litolewalo na baruti kavu iliyobaki. Kwa nini hesabu hii peke yake haielezi bunduki kukataa kuwaka?

3. Baruti iliyolowa na kukaushwa ina shura, makaa na kiberiti kwa kiasi kile kile cha mwanzo. Je, kwa nini haifanyi kazi kama mwanzo?

4. Mtu wa Tanga, penye hewa ya unyevu mwingi, na mtu wa Manyoni wameacha bunduki zao bila kuzisafisha wakati wa kiangazi. Tumia vipimo vya asilimia 43 na asilimia 92 kueleza kwa nini wote wawili watakuta kutu, ingawa baruti iliyo katika pembe ya mtu wa Manyoni bado ni kavu.